Futi 5,000: Saratani Isiyopanda Mlima



Panda matatu pale Kanduyi, Bungoma uiache nyuma, upite Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi uteremke Kitale. Barabara hiyo, karibu yote, inapanda. Mji wa Bungoma uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale iko kama mita 1,900. Abiria anaitambua tofauti pale anapoanza kutafuta sweta. Lakini mahali fulani maeneo ya Webuye, kwenye mita kama 1,500, atakuwa amevuka mstari ambao haukuwekewa kibao chochote barabarani. Ni futi 5,000, na zaidi ya miaka 60 iliyopita daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda alisema kwamba, katika eneo letu hili la ikweta, kuna saratani ya watoto ambayo juu ya kimo hicho huipati.

Daktari huyo aliitwa Denis Burkitt. Alikuwa mtu wa Ireland, mwenye jicho moja; la pili alilipoteza akiwa mvulana wa miaka 11. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni kitu gani. Majuma machache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike mwenye uso kama ule ule. Alimpima, akakuta na tumboni kumevimba pia. Mwaka 1958 aliandika makala katika jarida la upasuaji la Uingereza, na hakuna aliyemjali sana.

Yeye hakuchoka. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza: je, watoto wa namna hii mnawaona kwenu? Majibu aliyachomeka kwenye ramani. Kisha Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walijipakia kwenye gari kuukuu aina ya Ford wakaenda kusini, safari ya maili 10,000 iliyochukua wiki 10, wakisimama hospitali hadi hospitali. Walichokuwa wakikitafuta ni mahali ambapo ugonjwa unaishia. Wakagundua kwamba kadiri unavyoiacha ikweta, ndivyo kimo cha mwisho kinavyoshuka. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, ndiye aliyewaambia: nyinyi hampimi mlima, mnapima joto na mvua. Na panapokosekana joto na mvua, mbu hapatani napo.

Hapa mimi huwa nasimama kidogo. Nchini mwetu tunasifu mashine, lakini ugunduzi huu ulitokana na barua, ramani, gari kuukuu na mtu aliyekuwa tayari kuuliza swali lile lile mara nyingi.

Burkitt alidhani mbu ndiye anayebeba virusi vya saratani. Hilo halikuwa hivyo. Virusi vilikuwepo kweli: Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akizungumza London mwezi Machi 1961, akaomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi ambavyo leo dunia nzima inaviita Epstein-Barr. Lakini virusi hivyo husambaa kwa mate. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani tunavyo, wewe unayenisikiliza pengine unavyo, na havikusumbui. Mbu anabeba kitu kingine, tena kile tunachokijua sana Bungoma. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Nairobi pamoja na mwanapatholojia Allen Linsell, ndiye aliyeandika mapema, mwaka 1964, kwamba tutazame malaria.

Je, ramani ya Kenya yenyewe inasemaje? Profesa Walter Mwanda wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikusanya rekodi za hospitali za watoto waliougua limfoma ya Burkitt, kama saratani hii inavyoitwa sasa, kati ya 1988 na 1997. Yeye na wenzake, akiwemo Jeanette Rainey, walipozilinganisha rekodi hizo na ramani ya malaria, walikuta ugonjwa huu katika maeneo yenye malaria kali mwaka mzima ni zaidi ya mara 3 ya ule wa maeneo yasiyo na malaria. Bungoma imo katika ukanda wa ziwa, pamoja na Busia, Kakamega, Siaya na majirani zao. Trans Nzoia imo katika nyanda za juu, ambako malaria huja kwa msimu ikaondoka. Simaanishi kwamba mtoto wa Kitale hawezi kuugua. Watu huhama, na watoto wa Kitale hulala kwa nyanya zao huko Bumula, Bungoma, likizo nzima.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa sababu huko ndiko mambo yenyewe yaliko.

Saratani hii inaanzia kwenye seli B, aina ya seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Juu ya kila seli B kuna maelfu ya vipokezi. Kipokezi hicho, ukikichunguza, ni kingamwili yenyewe, ila bado imeshikamana na utando wa seli, haijaachiliwa kwenye damu. Kikikutana na kijidudu kinachooana nacho, protini zilizokishikilia kwa ndani zinaamka, moja inaiamsha nyingine, habari inapita hivyo hadi kwenye kiini, na seli inaanza kugawanyika. Ndiyo maana tezi za mtoto mwenye homa zinavimba.

Lakini kuna jambo ambalo wanasayansi walichelewa kulielewa. Kipokezi hiki hakinyamazi hata pasipokuwa na kijidudu. Umewahi kumwona kijana wa bodaboda steji pale, hana abiria, lakini pikipiki ameiacha inanguruma chini kwa chini? Ndivyo kilivyo. Kundi la Klaus Rajewsky nchini Ujerumani lilionyesha mwaka 1997, kwa kutumia panya, kwamba ukikiondoa kipokezi kwenye seli B iliyokomaa, seli hiyo inakufa. Mwaka 2009 kundi hilo likaonyesha kwamba seli hizo zinaweza kuokolewa ukiiwasha njia moja ya mawasiliano ndani ya seli, iitwayo PI3K. Kwa hiyo ule mngurumo mdogo ndio unaoiambia seli iendelee kuishi, na PI3K ndiyo njia yake.

Shikilieni hilo, tuhamie kwenye jeni.

Katika limfoma ya Burkitt, kromosomu mbili hukatika na kuunganishwa vibaya. Kipande cha kromosomu namba 8, chenye jeni iitwayo MYC, kinahamia kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi namba 14. MYC ndiyo inayoamuru seli ikue. Na inahamia wapi? Inatua karibu na jeni za kingamwili, zile zile zinazotengeneza kipokezi tulichokitaja. Jeni hizo ndani ya seli B hazizimwi. MYC ikiwekwa hapo, nayo haizimwi tena. Hayo yaligunduliwa mwaka 1982 katika maabara za Marekani, na ni mojawapo ya mara za kwanza binadamu kuona kwa uhakika jeni ikigeuzwa kuwa chanzo cha saratani kwa kuhamishwa tu.

Kwa nini zikatike hapo? Kwa sababu seli B huzikata jeni zake za kingamwili kwa makusudi, ikizirekebisha ili kingamwili imwelewe adui vizuri zaidi. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinaitwa AID. Malaria, hasa ile isiyoisha, inazifanya seli B zikae kwenye hali ya kurekebisha jeni kwa muda mrefu kupita kiasi. Utafiti wa Davide Robbiani na wenzake, uliochapishwa 2015, ulionyesha hilo kwa panya walioambukizwa malaria: AID inafanya kazi bila kupumzika, na makosa ya ukataji yanaongezeka. Kisha virusi vya Epstein-Barr vinaongeza lao, maana vinaizuia seli iliyoharibika isijiue kama inavyotakiwa.

Na watoto wetu wanavipata virusi hivyo mapema mno. Erwan Piriou, Rosemary Rochford na wenzao waliwafuatilia watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi. Zaidi ya thuluthi ya watoto wa Kisumu walikuwa wameshaambukizwa kabla ya kutimiza miezi 6. Kule Nandi, juu, kwenye baridi, ni kama mmoja kati ya 8. Ann Moormann, ambaye amefanya kazi na Wakenya kwa miaka mingi, alikuwa ameshaonyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa Kisumu hubeba virusi vingi zaidi kwenye damu kuliko wenzao wa Nandi. Ni mlima ule ule wa Burkitt, safari hii unaonekana kwenye damu ya mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza.

Mwaka 2012, Roland Schmitz, Louis Staudt na wenzao katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walisoma jeni za limfoma ya Burkitt na kukuta kitu kipya. Kuna protini iitwayo TCF3, na kuna nyingine, ID3, ambayo kazi yake ni kuizuia. Katika asilimia 70 ya wagonjwa wa nchi zisizo na malaria, mojawapo ya jeni hizo mbili ilikuwa imebadilika. TCF3 ikikosa wa kuizuia, inaongeza ule mngurumo wa kipokezi, PI3K inawaka, seli inaishi na kuzidi. Hapo ndipo elimu ya vipokezi na elimu ya jenomu, yaani jeni zote kwa jumla, zilipokutana. Ila kwa wagonjwa wa Afrika mabadiliko hayo yalikuwa machache zaidi, kama asilimia 40. Sasa hao wengine, saratani yao inaendeshwa na nini?

Jibu lilitafutwa Kisumu. Watoto walipokelewa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo mwenyeji yeyote wa Kisumu ataielekeza kwa jina la Russia. Kabla ya dawa ya kwanza kuanza, sindano nyembamba iliingizwa kwenye uvimbe, chembe chache zikavutwa, zikatiwa hapo hapo kitandani kwenye kichupa cha kimiminika cha kuhifadhia RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi ndani ya seli. Fikirieni kidogo kinachohitajika hapo. RNA inaharibika upesi kuliko maziwa juani. Sindano ikichelewa, kichupa kikikosekana, hakuna utafiti. Kazi ya jenomu tunayoidhania ni ya kompyuta inaanzia kwenye mkono wa daktari na muuguzi, na mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano moja zaidi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Wa kwanza kwenye orodha ya waandishi ni Yasin Kaymaz, wa pili Cliff Oduor, mtafiti Mkenya; wamo pia Juliana Otieno, daktari wa watoto, na John Michael Ong'echa wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, Kisumu, pamoja na Moormann na Jeffrey Bailey wa Marekani. Walichokikuta kinastahili kusikilizwa taratibu. Uvimbe wenye virusi vya Epstein-Barr vya aina ya kwanza ulikuwa na mabadiliko machache ya jeni kuliko uvimbe usio na virusi. Yaani kazi ambayo kwa mtoto wa Ulaya inafanywa na jeni zilizoharibika, kwa mtoto wetu inafanywa na virusi. Na tofauti kubwa kati ya uvimbe wa kwetu na wa kwao ilionekana kwenye njia ile ile ya PI3K, tena ilitegemea zaidi kama virusi vimo au havimo kuliko mgonjwa anatoka nchi gani. Wakaongeza na jeni mpya zilizokuwa hazijatajwa katika ugonjwa huu.

Msimamo wangu ni huu. Dawa za kuziba PI3K zipo. Idelalisib iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa saratani nyingine za damu. Siku moja mtu atapendekeza dawa ya namna hiyo kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, na atakuwa ameijaribu kwa wagonjwa wa kwao. Bila kazi kama ile ya Kisumu, tungeipokea tukiamini ugonjwa ni mmoja kwa kuwa jina ni moja. Hatuwezi kuazima jenomu ya watu wengine tukaijengea matibabu.

Nawaambia na nyinyi wanafunzi, mliopo shule za Kamusinga, Lugulu, St. Anthony's na kwingineko, mnaoambiwa kwamba sayansi ya jeni ni ya ng'ambo. Kitale imekuwa ikifanya kazi ya jeni tangu kabla ya wazazi wenu wengi kuzaliwa. Mahindi chotara ya H611, ya mwaka 1964, yalizalishwa katika kituo cha utafiti cha Kitale kwa kuchanganya mahindi ya huko na ya kutoka Ecuador; na mkulima wa Trans Nzoia asiyejua kusoma atakueleza kwa nini mbegu chotara ya H614 hairudiwi msimu wa pili. Au mtazameni Sam Mbulaiteye, jirani yetu wa Uganda. Alisomea udaktari Makerere, akaongeza elimu ya magonjwa Cambridge, akafanya kazi Entebbe, kisha akajiunga na Taasisi ya Saratani ya Marekani. Aliongoza utafiti mkubwa uitwao EMBLEM, ulioanza 2010, kaskazini mwa Uganda, kaskazini mwa Tanzania na huku kwetu Nyanza na Magharibi. Katika kazi zilizotokana na utafiti huo ilionekana kwamba watoto wenye nakala moja ya jeni ya seli mundu, ambayo hukinga dhidi ya malaria kali, wanapata limfoma ya Burkitt kwa uchache zaidi. Mtu hachagui jeni hiyo anapozaliwa, kwa hiyo huwezi kusema ni chakula au ni umaskini. Ni ushahidi mzito kwamba malaria imo.

Ndiyo maana chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Kenya mwezi Septemba 2019 na ambayo Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za kwanza, mimi siihesabu kama ya homa peke yake.

Sasa lisilopendeza. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa, wala si dawa mpya: cyclophosphamide, vincristine na methotrexate ni za zamani, na tangu miaka ya 1960 Burkitt kule Kampala na Peter Clifford hapa Nairobi waliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache. Ulaya na Marekani watoto 9 kati ya 10 wanapona. Kwetu idadi hiyo haifikiwi, na sababu hazimo kwenye jenomu. Utafiti wa Saskia Mostert, Festus Njuguna na wenzao, uliohusu watoto wenye saratani za kila aina walioanza matibabu Eldoret kati ya 2007 na 2009, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wale ambao mwisho wao ulijulikana waliacha matibabu njiani. Wasio na bima ndio walioacha zaidi. Nauli, bili, mahindi yanayosubiri kupaliliwa nyumbani, na mtoto anayeonekana amepona baada ya dozi ya kwanza kwa sababu uvimbe umeshuka. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika.

Kwa hiyo wazazi, na nyinyi mashemeji, shangazi na nyanya mnaolea, naomba msikilize maneno haya ya mwisho. Mtoto wa miaka 3 hadi 12 akivimba taya upande mmoja au pande zote, meno ya nyuma yakaanza kucheza na hayajaoza, jicho likatokeza, au tumbo likajaa ndani ya wiki moja au mbili, msikimbilie kung'oa jino. Msingoje kliniki ya mwezi ujao, na msimalize wiki tatu mkizunguka kwa waganga. Nendeni Webuye, Bungoma au Kitale, hospitali iliyo karibu, mwambieni daktari kwamba mnaomba uvimbe uchukuliwe kipimo, na mkipewa barua ya kwenda Eldoret, safirini siku hiyo hiyo. Mkisharudi nyumbani na uvimbe umeshuka, rudini tena kwa dozi inayofuata, hata kama mtoto anacheza mpira. Seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa yake ipo, nayo inafanya kazi kwa mtoto aliyefikishwa mapema na akamaliza dozi zote.